Lita ya mafuta si kilo: hesabu iliyotugombanisha na mwenye duka

Jerikeni ilikuwa ya njano, imeandikwa lita 20 ubavuni, na pete ya kiwandani kwenye kizibo chake ilikuwa haijavunjwa. Tulikuwa wanawake sita wa Busia, upande wa Uganda: watatu wanakaanga chapati na roleksi (chapati iliyoviringishiwa mayai) kando ya barabara ya kwenda mpakani, wawili wanauza mandazi, na mimi naoka keki ndogo ninazosambaza madukani. Tulikuwa tumechanga ili tununue mafuta kwa bei ya jumla badala ya kupimiwa kidogo kidogo kwenye kaveera, yaani mfuko wa plastiki. Tukaibeba jerikeni hadi kibandani kwa Hajati anayeuza maharage, kwa kuwa mizani kubwa iko kwake. Akaipandisha. Mshale ukapita 19 kidogo, ukatulia.

"Ishirini iko wapi?" mmoja wetu akauliza.

Jerikeni tupu ya aina ile ina kama kilo moja, kwa hiyo mafuta yenyewe yalikuwa kilo 18 na kidogo. Sisi tulikuwa tumepiga hesabu kwamba kila mmoja atapata kilo tatu na theluthi. Tukagawana kilo tatu tatu na vijiko vichache juu yake, nyuso zimekunjana. Gramu 300 za mafuta si kitu ambacho mkaanga chapati anakiacha kipite hivihivi. Jioni ile tukarudi kwa muuzaji wa jumla, tukamwita mwizi mbele ya wateja wake.

Hakuwa ameiba hata kijiko. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, na ugomvi wa namna ile naushuhudia kila mara sokoni: mnunuzi anafikiri kwa kilo, muuzaji ameuza kwa lita, na wote wawili wanaamini wanataja kitu kimoja.

Lita ni ujazo, yaani nafasi ambayo kitu kinachukua ndani ya chombo. Kilo ni uzito, yaani kile ambacho mizani inahisi. Wafanyabiashara wa zamani wa pwani yetu walizitenganisha vizuri hizi mbili. Kibaba na pishi vilikuwa vipimo vya ujazo: unajaza, unasawazisha, unamwaga. Ratli na frasila vilikuwa vipimo vya uzito, na frasila moja ilikaribia kilo 16. Hakuna aliyedhani kwamba pishi ya mtama na pishi ya chumvi zina uzito sawa, maana mkono wenyewe ulimwambia. Sisi tulioanza na lita na kilo ndio tuliozoea kuziona kama pacha.

Na tulizoea kwa sababu ya maji. Mwaka 1795, Wafaransa walipokuwa wakiunda mfumo mpya wa vipimo, waliamua kwamba gramu iwe uzito wa maji yanayojaza sentimita moja ya ujazo. Lita moja ina sentimita elfu moja za namna hiyo, kwa hiyo lita ya maji ikawa kilo moja. Walichagua hivyo makusudi. Tangu mwaka 2019 kilo haifafanuliwi tena kwa kitu chochote cha kushika mkononi, lakini uhusiano wake na maji haujabadilika kwa kiasi ambacho mtu wa jikoni angekiona. Chota lita 20 za maji kisimani, umebeba kilo 20 kichwani, ukiondoa chombo. Mtoto wa Uganda anajifunza hesabu hiyo kwa shingo yake kabla hajaisoma darasani, na kwenye jerikeni ileile ya njano, kwa kuwa jerikeni nyingi tunazochotea maji zilianza maisha yake zikiwa na mafuta ya kupikia. Chombo ni kilekile na alama ni ileile, basi akili inakataa kwamba uzito unaweza kuwa tofauti.

Kisha lugha yetu inaongeza utata. Tunasema uji mzito, mchuzi mzito, mafuta mazito, na maana yake ni kwamba kitu hicho hakimiminiki haraka. Neno hilohilo ndilo la gunia lisiloinulika. Ukiona mafuta yanashuka polepole kutoka kwenye kijiko, unayaita mazito, na kabla hujajua umeshaamini kwamba yatavuta mizani kuliko maji. Asali inatuthibitishia kosa hilo, maana asali ina uzito wa namna zote mbili: haimiminiki haraka, na lita yake moja ni kama kilo 1.4. Mafuta ni kinyume chake. Yanatiririka polepole kuliko maji, lakini kwa ujazo uleule ni mepesi kuliko maji.

Ushahidi wa hilo uko jikoni kila siku. Mama anapomfundisha binti kupika, humwambia: nyanya zimeiva ukiona mafuta yamepanda juu. Yanapanda kwa nini? Kwa sababu ni mepesi kuliko maji ya nyanya, nayo hayachanganyiki nayo. Kama lita ya mafuta ingekuwa nzito kuliko lita ya maji, mchuzi wetu ungekuwa na mafuta chini na maji juu.

Sababu yake iko ndani kabisa. Mafuta yameundwa kwa minyororo mirefu ya kaboni na haidrojeni, yenye oksijeni kidogo tu, na minyororo hiyo haijipangi kwa kubanana. Chembe za maji ni ndogo mno, kila moja inaivuta jirani yake kwa nguvu, hivyo zinasongamana. Lita moja ya nafasi inameza maji mengi zaidi kwa uzito. Wanasayansi huita kipimo cha msongamano huo densiti: ni kilo ngapi zinaingia ndani ya lita moja.

Namba ya kushika kichwani

Densiti ya maji ni 1. Ya mafuta ya kupikia ni kama 0.92. Ukitaka kugeuza lita kuwa kilo, zidisha kwa 0.92. Ukitaka kugeuza kilo kuwa lita, gawa kwa 0.92. Lita 20 zinakuwa kilo 18.4. Kilo 20 zinakuwa lita 21.7.

Wengi hukosea hapa kwa kuzidisha pale panapotaka kugawa. Kinga yake ni moja: kwa mafuta ya kupikia, namba ya kilo lazima iwe ndogo kuliko namba ya lita. Ukipata kilo nyingi kuliko lita, umegeuza kinyume, anza upya. Kama huna kikokotoo, ondoa gramu 80 kwa kila lita upate kilo. Ukitoka kwenye kilo kwenda lita, ongeza mililita 87 kwa kila kilo, si 80, kwa kuwa sasa unaanzia kwenye kitu kikubwa zaidi. Kwa chupa moja tofauti ya 80 na 87 ni ya bure. Kwa mapipa, ni pesa.

Je, aina ya mafuta inabadilisha namba hiyo? Inabadilisha, lakini kwa kidogo kuliko watu wanavyodhani. Mafuta ya alizeti, ambayo kwetu hutoka sana kwenye zao la eneo la Lango, kaskazini, kuzunguka mji wa Lira, yako karibu na 0.92, pamoja na ya soya, ya pamba na ya simsim. Ya mawese yaliyochujwa, karanga na zeituni yako karibu na 0.91. Tofauti kati ya 0.91 na 0.92 kwenye jerikeni nzima ni gramu 200. Kwa hiyo ukisikia muuzaji akisema mafuta yake ni "mazito ya asili" na ndiyo maana kilo yake inajaza chupa ndogo sana, usikubali. Hakuna mafuta safi ya kupikia, ya mbegu au ya michikichi, ambayo lita yake inafikia kilo moja. Yakifikia, kuna kitu kingine humo ndani.

Jerikeni yetu ilikuwa ya mawese yaliyochujwa, yale ya rangi ya dhahabu ambayo ndiyo mengi sokoni. Uganda ina michikichi yake katika kisiwa cha Bugala, wilayani Kalangala, ndani ya Ziwa Viktoria. Fanya hesabu: 20 mara 0.91 ni kilo 18.2. Ongeza kilo moja ya plastiki, unapata 19.2. Ndipo mshale uliposimama.

Jaribio la Hajati

Aliyetutoa kwenye ujinga ule ni Hajati mwenyewe. Alisikia tulivyopayuka dukani, na kesho yake akatuita. Hakutuhubiria. Alikuwa na chupa ya plastiki ya maji, ya nusu lita, na mizani yake ndogo ya betri anayopimia viungo. Akaiweka chupa tupu juu ya mizani, akabonyeza kitufe mpaka ikasoma sifuri. Akaijaza maji hadi mdomoni kabisa, mpaka yakafanya kitambi kidogo juu ya shingo. Mizani ikasema 517. Akayamwaga, akaikausha kwa kitambaa na kuiacha juani hadi isibaki tone. Kisha akaijaza mafuta yetu, hadi palepale mdomoni. Mizani ikasema 470.

"Chupa ni ileile," akasema. "Nani ameiba hapa?"

Nilichukua simu nikagawa 470 kwa 517. Ikatoka 0.909.

Nimelirudia jaribio hilo mara nyingi, na uzuri wake ni kwamba halihitaji chombo chenye kipimo cha kuaminika. Chupa ile inauzwa kama ya mililita 500, lakini ukiijaza hadi mdomoni inachukua 517, kwa sababu kiwandani huacha nafasi ya hewa juu. Haidhuru. Unachotafuta ni uwiano wa mafuta na maji ndani ya nafasi ileile, kwa hiyo hata kopo lisilo na maandishi, hata tampeko (kikombe cha plastiki cha nusu lita) iliyopinda kwa jua, itakupa jibu sahihi mradi uijaze hadi alama moja mara zote mbili. Na ukipata 0.95 au zaidi kwenye kitu unachouziwa kama mafuta ya kupikia, rudia jaribio kwa uangalifu. Jibu likibaki hivyo, usiyapikie.

Chupa ile ilinifundisha pia jambo la pili. Nafasi ya hewa iko kwenye jerikeni vilevile. Jerikeni ya lita 20 ikijazwa hadi kooni inapita lita 20. Ndiyo maana wako wauzaji wanaosema jerikeni yao ni "ya kilo 20" na wakawa wanasema kweli: wamejaza hadi juu kabisa, ndani mna lita 21 na zaidi. Na wako wanaochukua jerikeni zilizotumika, zilizobonyea ubavu, wakazijaza hadi alama ileile, na ndani mna pungufu. Kwa macho, jerikeni hizi zinaonekana kama dada wa tumbo moja. Mizani inazitofautisha mara moja.

Mizani yenyewe nayo iangaliwe. Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, hukagua mizani za biashara na kuziwekea alama ya ukaguzi. Kabla ya kumtuhumu mtu, tazama kwanza kama mizani uliyopimia ina alama hiyo na kama inaanza kwenye sifuri ikiwa tupu. Sisi hatukutazama. Kwa bahati, ya Hajati ilikuwa sawa.

Joto linavyocheza na lita

Kilo ya mafuta inabaki kilo asubuhi na mchana. Lita haibaki. Mafuta yakipata joto yanatanuka, na yanatanuka kuliko maji: kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, ujazo unaongezeka kwa takriban sehemu 7 kati ya 10,000. Inaonekana ndogo. Lakini jerikeni iliyolala ghalani kwenye nyuzi 20 na kushinda juani hadi nyuzi 35 inakuwa imeongezeka kama mililita 200, bila mtu kuongeza tone. Aliyepima lita mchana juani amempa mteja mafuta pungufu kidogo kwa uzito kuliko aliyepima alfajiri, na wote wawili wamejaza hadi mstari.

Kwenye karai la mandazi mtanuko ni mkubwa zaidi. Mafuta ya nyuzi 180, yaliyo tayari kukaangia mandazi, yana densiti ya kama 0.81. Lita moja uliyomimina baridi sasa inachukua nafasi ya lita moja na zaidi ya mililita 100. Wakaanga wazoefu hawajazi karai, na sababu wanayoitaja ni povu la unga unapoingia. Ni kweli, lakini hata kabla unga haujaingia mafuta yameshapanda yenyewe. Nimeona karai lililojazwa hadi ukingoni likimwagikia moto wa makaa kabla ya andazi la kwanza, na mama aliyekuwa karibu aliungua mkono. Acha theluthi nzima ya karai ikiwa tupu.

Upande wa baridi una kioja chake. Mafuta ya mawese yaliyochujwa yakipelekwa Kabale au Kisoro, ambako asubuhi kuna ubaridi wa milimani, hufanya ukungu, kisha hujenga tabaka jeupe chini ya chupa. Watu huyarudisha dukani wakisema yamechanganywa na kitu. Ni sehemu ya mafuta hayo inayoganda mapema kuliko nyingine, na ukiyaweka karibu na jiko yanayeyuka tena. Usiyapime kwa kikombe yakiwa katika hali hiyo, maana sehemu iliyoganda na sehemu isiyoganda hazina ujazo sawa kwa uzito sawa. Pima kwa mizani, au yayeyushe yote kwanza. Hivyohivyo kwa mafuta ya moo yaa ya kaskazini, yale ya mti wa shea, ambayo kwenye chumba chenye baridi huwa kama siagi.

Wafanyabiashara wakubwa wamelijua jambo hili zamani, ndiyo maana mafuta ya mawese kwenye soko la bidhaa la Malaysia hutajiwa bei kwa tani, si kwa lita. Fikiria lori la tangi linalotoka Mombasa kuelekea Malaba. Mawese husafirishwa yakiwa na joto ili yasigande. Tuseme tangi limepakiwa lita 30,000 kwenye nyuzi 50. Yakipoa hadi nyuzi 25 yanakuwa kama lita 29,500. Lita 500 zimeenda wapi? Hakuna aliyeziteremsha njiani. Zimejikunja tu. Dereva anayelipwa au kukatwa pesa kwa lita angekuwa mashakani kila safari, lakini tani zilizosomwa kwenye mizani ya magari haziathiriki na hali ya hewa. Kwa anayenunua kwa tani na kuuza kwa lita, tani moja ni takriban lita 1,100 za mawese, na faida yake yote inaweza kulala ndani ya hizo 100 za juu.

Bei mbili ubaoni

Turudi dukani. Muuzaji wa kwanza ameandika lita 20 kwa shilingi 140,000. Jirani yake ameandika kilo 20 kwa shilingi 150,000. Bei hizi nimezitunga kwa ajili ya hesabu tu, na mafuta ni ya alizeti kwa wote wawili. Wengi wetu tungekimbilia duka la kwanza. Lakini lita 20 ni kilo 18.4, kwa hiyo kwa wa kwanza kilo moja inakugharimu shilingi 7,600 na kidogo. Kwa wa pili ni 7,500 kamili. Aliyeonekana ghali ndiye rahisi. Tofauti si kubwa kwa jerikeni moja, ila anayenunua jerikeni nne kwa wiki ataiona kabla ya mwezi kuisha.

Chukua bei zote mbili uzigeuze kwenye kipimo kimoja, chochote upendacho, kabla hujatoa pesa. Na muulize muuzaji waziwazi: unaniuzia lita au kilo? Mwenye nia njema hatakasirika.

Kuna mahali ambapo hesabu hii inagusa zaidi ya mfuko. Katika makazi ya wakimbizi ya hapa Uganda kama Nakivale na Kyangwali, ambako Wakongo wengi wanaongea Kiswahili nyumbani na sokoni, watu wanafahamu mgao wa chakula unaohesabiwa kwa gramu kwa kila mtu kwa siku. Tuchukue mfano wa gramu 30 za mafuta. Familia ya watu sita kwa siku 30 inastahili gramu 5,400, yaani kilo 5.4. Sasa tuseme anayegawa ana jagi lenye mistari ya lita, naye, kwa kudhani lita ni kilo, akawapimia lita 5.4. Wamepata chini ya kilo 5. Zimepungua kama gramu 430, ambazo ni mgao wa mtu mmoja kwa siku 14. Kipimo sahihi kilikuwa kama lita 5.9. Hakuna aliyekula njama, na bado kuna mtoto ambaye nusu ya mwezi wake imebaki ndani ya jagi. Gramu moja ya mafuta ina kalori kama 9, hakuna chakula kingine kinachobeba nguvu nyingi kiasi hicho katika uzito mdogo kiasi hicho, kwa hiyo upungufu wa mafuta hauzibwi kirahisi na kitu kingine kwenye mgao.

Jikoni kwangu

Kwa keki moja ya nyumbani, sitamsumbua mtu. Kijiko kikubwa cha mililita 15 kina gramu 14 hivi za mafuta, kijiko cha chai gramu 4 na nusu, kikombe cha mililita 250 gramu 230. Maelekezo yakitaka gramu 250 na wewe ukaweka kikombe kimoja, umepunguza gramu 20, na hakuna atakayegundua. Kwenye chapati za kifungua kinywa usipime kabisa, mkono wako unajua.

Hali inageuka unapopika kwa wingi. Mimi nikichanganya kilo 20 za unga, maelekezo yangu yanataka kilo 2 za mafuta. Kwa muda mrefu nilikuwa nikimimina lita 2, yaani tampeko nne. Hiyo ni kilo 1.84. Keki zangu zilikuwa zikikauka siku ya pili, nikabadilisha unga, nikabadilisha moto, nikabadilisha hata aina ya sukari. Gramu 160 za mafuta zilizokosekana ndizo sikuzifikiria, pamoja na yale yaliyokuwa yakibaki yamegandamana na kuta za tampeko kila nilipoimwaga. Siku hizi naweka beseni la unga juu ya mizani, narudisha sifuri, na kumimina mafuta moja kwa moja mpaka namba itimie. Hakuna kikombe cha kuosha, hakuna kinachobaki ukutani. Keki zinakaa siku tatu zikiwa laini.

Anayebadilisha siagi kwa mafuta akumbuke kwamba siagi si mafuta matupu. Katika gramu 100 za siagi, mafuta ni kama 80, yaliyobaki ni maji na chembe za maziwa. Kwa hiyo gramu 100 za siagi zinabadilishwa na gramu 80 za mafuta, ambazo ni mililita 87, na kijiko kimoja kikubwa cha maziwa au maji. Ukiweka gramu kwa gramu, keki inatoa jasho la mafuta kwenye karatasi.

Anayefuata mapishi ya Marekani anakutana na kikombe cha mililita 240, si 250, na aunsi za aina mbili zenye jina moja: aunsi ya ujazo, ambayo ni karibu mililita 30, na aunsi ya uzito, ambayo ni gramu 28 na kidogo. Kwa maji zinakaribiana. Kwa mafuta, aunsi 8 za ujazo hazifiki aunsi 8 za uzito. Akiona aunsi, atafute kwanza inazungumzia jagi au mizani.

Na maandishi ya chupa yasomwe kwa makini. Chupa moja inaandika kalori 900, nyingine 828, na mtu anayejali afya anachukua ya pili akidhani ina mafuta mepesi. Tazama chini ya namba: ya kwanza ni kwa gramu 100, ya pili ni kwa mililita 100. Ni mafuta yaleyale.

Sisi sita tulirudi kwa yule muuzaji wa jumla Jumamosi iliyofuata. Tulikwenda asubuhi, wakati wateja wake wengi wapo, kwa kuwa tulimtukana mbele yao na tulitaka wasikie na mengine. Hajati alikuja na chupa yake. Yule mzee akaitazama ikipimwa mara mbili, akatikisa kichwa, akasema, "Mama zangu, mngeniuliza tu." Tukanunua jerikeni nyingine kwake. Kwa Hajati tukagawana kilo tatu na gramu 30 kila mmoja, na jerikeni tupu akaichukua mama wa mandazi, maana ilikuwa zamu yake ya kwenda kuchota maji.